Sikio la Tembo na Goti la Mjomba

8 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku wote wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo tangu nistaafu linafanya linavyotaka. Miaka thelathini na moja nimetengeneza lifti za watu, nikishuka na kupanda mashimo yake kwa ngazi ya chuma, na leo kufunga kamba ya kiatu imekuwa safari. Ninavaa kandambili hata penye watu wa heshima.

Simu usinipigie. Ilichomoka mfukoni nilipokwenda kuwaonyesha vijana wa kazini kasoro fulani, ikashuka ghorofa nane bila kusubiri lifti. Nimeona nipumzike nayo. Barua ikianguka unaiokota na kuendelea kusoma.

Mama yako hajambo. Ana sare za shule mpaka shingoni, cherehani hailali. Hakuniambia nikusalimie, lakini hakunikataza pia, na kwa dada yangu huyu nimejifunza kushukuru kwa kidogo.

Sasa nililokuandikia. Dereva wa lori linaloleta mizigo ya kazini kwenu atakupa kopo la maziwa ya unga. Maziwa usiyatafute humo. Kuna kiazi kimoja, nimekifunga kwa gazeti lililoloweshwa. Ni mtoto wa lile ua la sikio la tembo la mama yako, lililo kwenye pipa kando ya mlango wa uani. Usiniulize nimekipataje. Mama yako alikwenda kununua vifungo, mimi nikabaki na kisu cha jikoni.

Ukikipanda, kitakupa majani makubwa ya kumfunika mtu mzima mvua. Maji asubuhi na jioni, jua kutwa nzima. Kitu kikubwa kinakula sana, hilo halihitaji elimu. Utomvu wake usikuguse, unawasha. Hilo nalijua kwa vitendo, na mkono ninaoandikia ndio shahidi.

Nimekitoa kwa sababu miaka miwili sasa umekaa huko peke yako na barua zako zinanuka kazi. Mtu akiwa na kitu cha kumwagilia, hupata sababu ya kuwahi nyumbani.

Mjomba wako wa chumba cha uani


30 Januari

Shikamoo Mjomba,

Kopo limefika, na dereva ameniuliza kwa nini maziwa yetu yana uzito wa jiwe. Nimemwambia ni maziwa ya ng'ombe mkubwa.

Mimi sijambo. Kazini bado tunasaga vioo vya miwani kutwa, na bosi wetu, ambaye tumempa jina la Nusu Milimita, bado anaamini duniani hakuna kosa dogo. Ninaishi ghorofa ya tatu: chumba, jiko, na roshani ambayo ukifungua kiti huwezi kufungua mlango. Mwenye nyumba anakaa chini yangu kabisa, ghorofa ya pili, na kamba yake ya nguo iko chini ya roshani yangu. Kumbuka hilo la kamba, nina wasiwasi litarudi.

Nilipata ndoo ya rangi ya lita ishirini, nikajaza udongo. Sikujua upande gani wa kiazi ni juu, nikakipeleka kazini. Nusu Milimita alivaa lenzi yake ya kukagulia, akakigeuza kama jino la mfalme, akasema chenye ncha ndicho kichwa. Nimemwagilia asubuhi na jioni kama ulivyoagiza. Ilitoka ncha moja ya kijani, nikaimba. Sasa imelala, ina rangi ya ndizi, na ndoo inanuka kama soksi. Niambie nifanye nini.

Nashukuru kwamba mama hakukukataza. Ni miaka miwili na miezi minne tangu siku ya mwimo. Ulikuwepo, huhitaji kusimuliwa, lakini nikiandika kifua kinapungua. Nilitaka arudi safari akute nyumba yote ina rangi mpya. Akarudi akakuta mwimo wa mlango wa uani, ile mbao ya kusimama inayoshika bawaba, umepigwa msasa na kupakwa rangi, laini kama sahani. Alama zote za marehemu baba hazipo. Kila mwaka alinisimamisha pale, akakata alama ya urefu wangu kwa patasi, kisha akaandika pembeni kwa penseli yake ya useremala jani kubwa la sikio la tembo mwaka ule lilikuwa na urefu gani. Alisema hata lenyewe ni mtoto wa nyumba, kitindamimba.

Mama hakupaza sauti. Aliuliza nani kafanya hivi. Nikasema mimi. Yaliyofuata unayajua, na neno nililomjibu unalijua. Wiki ile ile nikapanda gari kuja kuanza kazi huku, na tangu hapo salamu zangu anazipokea kama mtu anayepokea risiti.

Mpwa wako


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linakusalimu, leo limeamka vizuri kuliko mwenyewe. Mama yako amemaliza sare na sasa anashona mapazia ya ofisi fulani, mita na mita za kitambaa cha kijivu, nyumba inafanana na wingu.

Mambo ya mwimo tuyaache. Mbao haijibu barua.

Kuhusu kiazi, sahau yote niliyokuandikia Januari. Nimesoma makala nzuri sana kwenye gazeti, kuhusu mimea hiyo hiyo, ni bahati tu. Inasema hivi. Umemzamisha mtoto wa watu. Ng'oa kiazi, kata palipooza mpaka ufike penye nyama nyeupe, kiache kivulini siku mbili kidonda kikauke. Toboa ndoo matundu chini, makubwa, yanayopitisha kidole. Udongo wa kichanga, uchanganye na samadi iliyooza mpaka haina harufu. Kiazi kilale juujuu, udongo wa kukifunika uwe unene wa pindo la sketi ya shule, basi. Maji yamiminike mpaka yatoke chini, kisha usirudie mpaka uchomeke kidole na kukuta pamekauka mpaka kiungo cha kwanza. Jua la asubuhi linakifaa. La mchana litakiunguza, kikae mahali panapong'aa lakini hapachomi. Kikianza kukua usikifinye, kila mwaka kihamishe kwenye chombo kipana zaidi, maana mtoto anayekua hashonewi nguo ya kumbana.

Hili la mwisho ni langu, halimo kwenye gazeti: weka mawe mawili mazito chini kabisa ya ndoo, usizibe matundu. Kitu kirefu chenye kichwa kizito kinataka uzito chini. Lifti au mmea, sheria ni moja.

Mjomba


27 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mzima, nina furaha, na nina majani matatu. Mmea umefufuka. Kila jani linatoka limejisokota kama sigara, linakaa siku nne likifikiri, kisha linafunguka, na kila moja ni kubwa kuliko lililotangulia. La tatu lina sentimita thelathini na tisa, kwa rula ya kazini ambayo haidanganyi.

Nikuulize sasa. Ni gazeti gani hilo linalopima udongo kwa pindo la sketi? Nimewauliza wauza magazeti watatu. Mmoja amenishauri nipumzike.

Sina ubaya na gazeti lako. Tena nampenda mhariri wake, anaandika kama mtu ninayemfahamu. Kwa kuwa unaonana naye, niulizie mambo mawili. La kwanza, kila asubuhi ncha za majani zinadondosha maji, tone moja moja, na yanadondoka penye nguo za mwenye nyumba. Juzi amepanda ngazi na shati la mumewe mkononi akitaka kujua nani kalia juu ya shati. Je, ni ugonjwa?

La pili naona haya kuliandika. Majani yalishika vumbi. Kazini tuna dawa ya kusafishia vioo, matone mawili na kitambaa laini, kioo kinang'aa mpaka hukioni. Nikalisafisha jani la pili kwa dawa ile. Liling'aa kweli, wageni wangelipiga picha. Siku ya tatu likawa na mabaka ya kahawia, sasa linafanana na ramani. Usimwambie Nusu Milimita. Mhariri unaweza kumwambia, lakini kwa upole.

Mpwa wako


15 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwa hiyo umejua. Haya, njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye pindo la sketi.

Nikueleze basi mambo yalivyo. Barua yako ya kwanza niliisoma kisha nikaisahau juu ya cherehani, kwa bahati mbaya ya kujitakia. Jioni nikaikuta palepale, ila imekunjwa vizuri zaidi. Kesho yake, tunakunywa chai, mama yako akaanza kuiambia cherehani, siyo mimi, cherehani, kwamba kuna watu wanazamisha viazi vya watu kwa ushauri wa mafundi lifti. Nikachukua kalamu. Tangu siku hiyo yeye anasema na cherehani, mimi naandika, na hakuna aliyezungumza na mwenzake. Kiazi nilichoiba alijua tangu siku ya kwanza. Aliona udongo kwenye kisu, na mkono wangu nikiukuna.

Mhariri anasema maji ya asubuhi siyo ugonjwa, ni mmea ulioshiba unapunguza. Sogeza ndoo hatua moja ndani ya roshani, vita na shati vitakwisha. Kuhusu dawa ya vioo, mhariri kwanza alitia uzi kwenye sindano mara tatu. Kisha akasema: maji matupu na kitambaa, na mkono wa pili ulishike jani kwa chini kama unavyoshika kichwa cha mtoto. Usijione mjinga peke yako. Mwaka ule nilipofika hapa niliyapaka majani yake grisi ya nyaya za lifti ili yawake mbele ya wageni. Yaliwaka. Nzi walinasa wote wa mtaa.

Jambo moja. Barua zako anazisoma amenyoosha mkono wote, kama anataka kuzirudisha ulikozitoa. Miwani yake ameifunga kikono kwa uzi mweusi, nao uzi umechoka. Nakutumia ile ya zamani iliyovunjika, nimeichomoa kwenye sanduku la vifungo. Utajua vioo vyake vina nguvu gani. Umbali kutoka pua yake mpaka karatasi ni sentimita sitini na tano, nilipima kwa futi yake yeye akidhani napima pazia.

Na usije ukamwuliza mhariri habari za kuhamisha mapipa. Tangu uondoke, pipa la sikio la tembo liko mbele ya ule mwimo. Alilisukuma mwenyewe siku uliyopanda gari. Majani yameufunika wote, hauonekani, na hivyo ndivyo kunavyokalika hapa.

Mjomba wako, mwizi wa mara mbili


2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Hii barua si ya utani. Imekuja na kifurushi, tuanze nacho kwa sababu ndicho kizuri. Miwani nimeitengeneza mwenyewe. Vioo vya zamani nilivipima kwa mashine, nikaongeza nguvu hatua mbili, nikavisaga saa ya chakula cha mchana kwa siku nne. Nusu Milimita aliniona. Alisogea, akapima kioo cha kushoto, akasema kimepungua robo, akakaa mwenyewe kwenye mashine akakirekebisha. Hakuuliza cha nani. Fremu ni nyekundu, kwa sababu mama alikuwa akisema nyekundu ni ya wasichana na nilikuwa nikimwona anavyoitazama.

Sasa mmea. Kipupwe kimeingia huku, na upepo wa roshani unakata. Jani la tano lilifika sentimita hamsini na nane, mwenye nyumba mwenyewe alipanda kuliangalia akanipa mkono. Wiki iliyofuata likageuka njano. Kisha la nne. Yote yamelala sasa, moja baada ya jingine, na sikubadili chochote, si maji, si mahali. Jana nimekata la mwisho. Kuna ndoo ya rangi yenye udongo na mimi nimekaa mbele yake kwenye kiti kisichofungua mlango.

Unajua mimi si mtu wa kulia mimea. Lakini nilikuwa na hesabu yangu moja kichwani. Nikiweza kukitunza hiki kikawa kikubwa, nitakuwa na kitu cha kurudi nacho, nikisimama pale mlangoni nisiwe nimesimama mikono mitupu na lile neno langu. Naona nacho nimekiua. Mwambie mhariri, au usimwambie. Fanya unavyoona.

Mpwa wako


18 Juni

Mpwa wangu,

Ninaandika upesi, dereva anapiga honi nje.

Mhariri ameniamuru niandike neno kwa neno, na safari hii hakusema na cherehani, alisema na mimi: "Haijafa. Imenyamaza. Baridi ikija huwa inajikunja ndani ya kiazi na kusubiri. Asiing'oe, asiichokonoe kuangalia, na maji ampe kijiko tu, udongo usiwe vumbi. Aiweke ndani, penye joto. Itakapokuwa tayari itasema yenyewe. Kunyamaza si kufa."

Nimeandika yote. Alinitaka nimsomee tena hilo la mwisho, kisha akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hatukuanika.

La huku nalo limepukutika, kama kila mwaka, ila mwaka huu baridi imezidi. Pipa liko uchi kabisa. Goti linauma.

Miwani imefika salama.

Mjomba


30 Julai

Shikamoo Mjomba,

Imesema.

Juzi asubuhi nimekuta ncha imetoboa udongo, ya kijani, imechongoka kama penseli ya baba. Pembeni yake kuna nyingine mbili ndogo ambazo sikuzipanda. Kiazi kimezaa kikiwa kimya. Nilishuka kwa mwenye nyumba nikagonga mlango, nikamwambia, naye akaita mume wake, yule wa shati, wote tukasimama mbele ya ndoo kama watu waliokwenda kumwona mzazi.

Wewe, Mjomba, una nini? Wiki sita umenipa mistari kumi. Miwani "imefika salama", ndiyo, lakini iko wapi? Inamkaa? Nimekuuliza kwenye kadi niliyompa dereva, naye anasema ulimjibu habari za goti.

Nimekaa na hiki kiazi miezi saba, nimepata akili kidogo. Hii sehemu usiisahau juu ya cherehani. Mpe mkononi.

Mama, shikamoo. Habari ya mwimo ilivyokuwa ilikuwa, nami siku ile nilikwambia nilichokwambia na sitaongeza. Lakini uliposema kwamba hata mwandiko wa baba umenishinda kuuacha, mimi nikajibu, "Ni mbao tu, mama." Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa kulia mbele yako. Haikuwa mbao tu. Nilikuwa naijua kila alama, niliweza kuzishika gizani. Nisamehe neno lile. Nimekaa nalo miaka miwili na miezi kumi, na ni zito kuliko lori la mizigo.

Mwanao


24 Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na ukae kwanza ndipo uendelee kusoma.

Miwani yako niliificha. Ilikaa kwenye droo yangu, ndani ya soksi, tangu ilipofika. Mama yako aliuliza kama kuna kifurushi, nikasema ni dawa ya goti. Niliificha kwa sababu pipa lilikuwa uchi na mwimo ulikuwa wazi, na kwa miwani ile ya uzi alikuwa haoni zaidi ya rangi. Ukimpa mtu macho mapya mbele ya kosa lako, umejishitaki mwenyewe.

Kisha ikaja barua yako. Niliisoma mara tatu, nikaenda kukaa kitandani. Wewe umeomba radhi kwa neno moja, na mimi nimekaa miaka yote hii kwenye nyumba ile ile, nakunywa chai ile ile, sijaomba radhi kwa tendo zima. Nikatoa miwani kwenye soksi. Nikampa mkononi, na barua mkononi.

Aliivaa. Nyekundu imempendeza, usimwambie nimekwambia. Akasoma karatasi ikiwa karibu na kifua, kama watu wote. Alipomaliza aliikunja barua. Akainuka, akaenda mlango wa uani, akasukuma pipa pembeni kwa mguu, akautazama ule mwimo kuanzia juu. Akapapasa kwa kidole. Akashuka. Alipofika usawa wa kiuno akasimama, akachuchumaa, maana yeye magoti yake ni ya msichana, akasogeza uso karibu. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Njoo hapa," akasema.

Nikaenda.

"Inama uone hiki."

Nikasema, "Dada, goti."

Akasema, "Ndiyo. Goti."

Ningependa kukuandikia kwamba nilikiri kiume. Sikukiri. Nilikamatwa na goti langu mwenyewe. Kuanzia kiunoni kwenda juu mwimo ni laini kama kioo chako. Kuanzia kiunoni kwenda chini msasa haukufika hata kidogo, kuna rangi tu, na chini ya rangi ziko alama mbili za patasi, ya mwaka mmoja na ya miaka miwili. Na katika nyumba hii, mtu anayeanza kazi juu na kushindwa kushuka ni mmoja tu. Za mwizi arobaini, nami zangu zimetimia.

Basi nilimwambia yote. Kwamba ulikwenda kununua brashi na ukaniachia neno moja, nipitishe kitambaa chenye maji kwenye mwimo, nisiuguse zaidi ya hapo. Kwamba mimi niliona mbao ina makovu, nikaleta mashine ya msasa, kwa sababu kazini kwetu kitu chenye makovu hakipakwi rangi. Kwamba ulirudi ukanikuta na vumbi mpaka kwenye nyusi, najipongeza, ukaketi chini. Kwamba nilikuwa na wiki mbili tu tangu nihamie chumba cha uani, sina pengine pa kwenda, nawe ukaniambia, "Kaa kimya, Mjomba, nitasema mimi." Nami nikakaa kimya. Uliniambia nikae kimya jioni ile, mpwa wangu. Hukuniambia nikae kimya miaka mitatu. Hiyo niliiongeza mwenyewe, na ndiyo inayonichoma. Nisamehe.

Nilikwenda kukunja nguo zangu. Nimezoea kuwajua watu wanaofukuza. Mama yako akaja akasimama mlangoni na miwani yake mpya akaniuliza ninakwenda wapi na kazi sijamaliza.

Kazi yenyewe ni hii. Kila jioni baada ya chai ananikalisha kwenye kigoda kifupi mbele ya mwimo, na patasi ya shemeji yangu mkononi, yeye amesimama nyuma na futi. Ananitajia, nami nakata. Miaka mitatu, sentimita tisini na tatu, jani sitini na sita. Miaka minne, mia na moja, jani themanini, mwaka wa mvua nyingi. Mimi nilidhani tumepoteza, kumbe vyote alikuwa navyo kichwani, urefu wako na wa majani, hajakosea mmoja. Nilimwuliza kwa nini basi aliulilia mwimo kama namba anazo. Akasema namba anazo, ila hakuwa na mtu wa kumtajia.

Goti linauma vibaya sana, na nimestahili kila mchomo wake. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Hiyo sikuiandika mimi, wala haikusemwa na cherehani.

Mjomba wako


Mwanangu,

Marahaba. Miwani inanikaa. Nimeona mengi kwa wiki moja kuliko niliyotaka.

Neno lako nimelipokea na nimelitupa. Langu la siku ile nalo litupe. Ila siku nyingine usimbebee mtu mzima mzigo wake ukaniacha mimi nikikuchukia bure, nimechoka sana.

Hizo ncha mbili za pembeni usizing'oe mpaka ziwe na majani matatu. Moja mpe mwenye nyumba, kwa ajili ya shati. Jani lako la sentimita hamsini na nane si baya, kwa ndoo ya rangi. Wewe ulipotimiza mwaka ulikuwa sabini na moja, alama iko hapa, nimeibandua rangi kwa ukucha. Endelea kumwagilia.

Mjomba wako amekata zote mpaka ya mwaka kabla hujaondoka. Ya mwaka ule hatukukupima, hatukuwa tunasemezana. Najua huongezeki tena. Nilitaka kukadiria, nikashika futi, nikaona siwezi.

Nafasi yako nimeiacha wazi. Mtu hapimwi kwa barua.

Mama yako